Barbados kwa siku chache: tukodi gari au basi zinatosha?

Njiwa_Mgeni:
Wakuu habari zenu. Mimi na wife tunaenda Barbados, chumba tumepata upande wa kusini karibu na Oistins, siku zenyewe chache na mama mkwe naye yumo, magoti yanamsumbua. Gari la kukodi naona linakula hela kweli. Basi zinafika mpaka Bathsheba, kule pwani ya mashariki? Wife kaona picha za kule anataka akaogelee hukohuko.

Kobe_Taratibu:
Mkuu basi zinatosha, kisiwa chenyewe urefu ni kama kilomita 34 tu. Za serikali ni za bluu zenye mstari wa njano, za watu binafsi njano zenye mstari wa bluu, halafu kuna vihaisi vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, vile wanaviita ZR. Nauli dola 3.50 za kwao hata kama unakatiza kisiwa kizima. Ila za serikali hazirudishi chenji so uwe na sarafu mkononi. Kituoni angalia kibao, kimeandikwa "To City" au "Out of City", City ndo Bridgetown, na ukisimama upande usio wako utapelekwa usikokutaka. Bathsheba unaenda kwanza Bridgetown unapanda stendi ya Fairchild Street.

BiMwanahewa:
Mdogo wangu mwambie mkeo Bathsheba ni ya macho. Ule upande ni Atlantiki, mkondo unavuta vibaya mno, wanaoingia pale ni watu wa kuteleza na mawimbi wanaoyajua mawimbi ya pale, yanaitwa Soup Bowl. Maji yakikupwa kuna vidimbwi katikati ya miamba, mnakaa mnajipoza, inatosha. Kuogelea nendeni Carlisle Bay, maji yametulia, kuna kasa na meli zilizozama sio mbali na ufukwe, unaziona kwa miwani ya kuogelea tu. Au Miami Beach hapohapo karibu na Oistins. Na fukwe ni za umma, hoteli kubwa isiwatishe.

Halafu ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, matunda yake kama tufaha dogo la kijani. USIGUSE, usile, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake maana utomvu unaunguza ngozi. Mingi imepakwa alama nyekundu shinani.

Zebaki:
Mi napingana na Kobe kidogo. Basi kwa nyie wawili sawa, lakini mama mwenye magoti umpandishe ZR, watu wamebanana, muziki juu, dereva ana haraka zake? Hapana. Chukueni teksi siku moja tu mzunguke nayo, plate zake zinaanza na Z. Hazina mita, kwa hiyo bei mnaelewana kabla mlango haujafungwa, na uulize ni dola za nani, maana dola yao ni nusu ya ya Marekani na wote wanasema "dola" tu.

Anzeni Harrison's Cave, mnashuka pangoni na kitreni mama kakaa zake. Kisha Bathsheba, mpande Cherry Tree Hill mkaone pwani yote ya mashariki kwa juu, mmalizie St Nicholas Abbey, jumba la karne ya 17, wanatengeneza ramu mpaka leo. Animal Flower Cave kule ncha ya kaskazini ina ngazi za kushuka, mama abaki juu aangalie mawimbi yanavyopiga jabali. Na msibebe nguo za mabaka ya kijeshi, hata ya mtoto, ni kosa kisheria kule.

Njiwa_Mgeni:
Asanteni sana, teksi siku moja, zingine basi. Mama mkwe kashachagua kitreni 😂 Na wale samaki wa kuchoma wanaouzwa Ijumaa usiku pale Oistins ni saa ngapi?

BiMwanahewa:
Fikeni kabla ya saa moja usiku, baadaye foleni inakuwa ndefu na meza hakuna. Samaki marlin wa kuchoma na macaroni pie, yaani makaroni ya kuoka na jibini. Mkiona cou-cou popote chukueni, ni kama ugali uliosongwa na bamia, mama ataipenda.

Kobe_Taratibu:
Na cash muwe nayo.