Naandika na kuchora hadithi ya watoto: nianze na kipi?

MwanaNyakato:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nakaa Nyakato hapa Mwanza, na usiku nachora. Miaka miwili sasa nina hadithi ya mtoto wa Igombe anayeuchukia mwezi. Mama yake hununua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, akawaanika, akauza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa za mitumbwi, wavuvi wanabaki nyumbani, na mama hana cha kuanika. Kwa hiyo mtoto anautazama mwezi ukikua kila usiku na anajua siku za shida zinakuja.

Nimejaza kurasa tisa za kaunta buku na nimechora picha kumi na mbili. Tatizo langu ni hili: nikisoma maneno, picha naona hazina kazi. Nikitazama picha, maneno naona ni mengi. Mchapishaji mmoja niliyempelekea aliniambia nichague, ama nilete hadithi wao watafute mchoraji, ama nichore hadithi za watu wengine. Mimi sitaki kuachia hata kimoja. Kama kuna anayefanya vyote viwili, naomba anieleze anaanza na nini na siku yake inakwendaje. Na je, mtu anaishi kwa kazi hii?

MamaWaMajabali:

Mwangaluka mdogo wangu. Hapo uliposema maneno unayaona ni mengi ndipo nilipoamua kukuandikia, maana nusu ya jibu unayo tayari.

Naandika na kuchora vitabu vya watoto, nakaa Bugarika, nyumba yangu imebanwa na majabali mawili. Kuchora sikufundishwa darasani. Baba alikuwa anaandika majina kwenye mitumbwi ya wavuvi na mimi namshikia kopo la rangi. Tajiri wa mtumbwi alitaka jina lake lisomeke yeye akiwa nchi kavu na mtumbwi uko majini, kwa hiyo baba akimaliza herufi alinituma nirudi nyuma hatua arobaini, nimwambie naona nini. Mpaka leo nikimaliza picha naibandika ukutani narudi nyuma. Mtoto aliyekaa dawati la mwisho, mwalimu kashika kitabu kimoja mbele ya darasa zima, yuko mbali kama yule tajiri.

Sasa swali lako. Kwangu hakuna kinachotangulia, vinasukumana. Nikupe mfano wa kitabu kimoja.

Unawajua mijusi wa kwenye mawe yetu, yale madume yenye kichwa chekundu kinachoelekea zambarau na mwili wa bluu? Wataalamu wamewapa jina la mji huu, Agama mwanzae. Nilikuwa na hadithi ya dume mmoja anayejivunia rangi zake, halafu anatokea mwenye nguvu kuliko yeye. Niliandika hivi: "Mjusi aliogopa sana. Moyo ulimdunda. Alitamani kukimbia." Nikachora mjusi katoa macho. Nilipousoma ukurasa ule nikaona umekufa kabisa.

Nikauacha. Nikawa nakwenda kukaa juu ya jabali nyuma ya nyumba na daftari, kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, jua likishapasha jiwe. Karibu miezi miwili. Majirani walidhani nina msiba. Mijusi huwezi kuwachora ukiwa na haraka: ukisogeza mkono tu wameingia kwenye ufa. Lakini ukitulia wanakusahau, na nikaanza kuona mambo ambayo nimepita nayo tangu utotoni bila kuyaona. Dume anavyopiga kichwa juu chini akilinda jiwe lake. Na dume aliyeshindwa, jamani, rangi inamtoka. Wekundu unafifia, bluu inageuka kahawia ya vumbi, mpaka unaweza kumdhania jike.

Siku niliyoliona hilo niliingia ndani nikafuta zile sentensi tatu zote. Ukurasa ule una maneno mawili tu: "Akaja mwingine." Mjusi wangu pale ni wa kahawia. Nilipomsomea mtoto wa jirani, ana miaka mitano, aliweka kidole juu ya picha akasema, "Ameogopa!" Neno hilo halipo popote kwenye kitabu, yeye ndiye aliyelileta. Nilishindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Basi chukua kaunta buku lako. Soma sentensi, tazama picha yake. Kama picha imeshasema, futa sentensi bila huruma. Umeandika "mama alikuwa amechoka"? Mchore ameegemea kichanja, kandambili moja imemtoka mguuni, halafu maneno uyaachie kile ambacho mkono wako hauwezi kukichora: harufu, sauti, alichomjibu mtoto. Na huo mwezi wako, naomba usiuandike kabisa. Uchore. Ukurasa hadi ukurasa unanenepa juu ya paa, na maneno yanasema tu walichokula usiku ule. Siku ya kwanza ugali na dagaa. Siku ya nne ugali na mchicha. Siku ya saba uji. Mtoto atageuza kurasa kurudi nyuma mwenyewe akagundue ni nani anayekula chakula chao.

Siku yangu: hadithi naisimulia kwa mdomo kwanza, kwa Kisukuma, alfajiri nikipepeta mchele au nikifagia, kwa sababu mwendo wa kusimulia niliupata kwa bibi na bibi hakujua lugha nyingine. Ikikaa sawa mdomoni ndipo naiandika kwa Kiswahili. Wapo wanaosema huko ni kupoteza muda. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu hapa ziwani, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikachapwa 1980. Mimi namfuata yeye.

Kisha nachukua karatasi nane za kawaida, nazikunja katikati, nazishona kwa uzi. Hizo ni kurasa 32. Humo nachora kwa penseli, vibaya, haraka, kitabu kizima. Naweza kushona vijitabu sita au saba kabla sijagusa rangi. Rangi naweka mchana tu, dirishani. Rangi uliyochanganya chini ya taa usiku, asubuhi utaikataa. Karatasi nunua nzito, ya gramu 300, nyepesi inajikunja ikilowa.

Kuishi? Sijawahi kuishi kwa vitabu peke yake. Naandika mabango ya maduka, nachora kuta za shule za awali, na mitumbwi bado. Kitabu changu cha kwanza nilisaini mkataba bila kuusoma, nikauza picha na haki zote kwa malipo ya mara moja. Kilichapwa tena na tena, sikuona senti. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ni urithi wa wanao huo. Kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kwenye mkataba ruhusu wachape, usiwauzie picha.

FundiMtambo:

Mama kamaliza, mimi naongezea ya kiwanda cha kuchapa vitabu tu kwa sababu naona vijana wanalia kila wiki.

Hizo kurasa 32 si uchawi. Karatasi kubwa ya mtambo ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, kwa hiyo mbili zinatoa 32. Ukileta 27 utalipia karatasi inayotupwa. Kitabu cha kubana kwa pini lazima kurasa zigawanyike kwa nne, 24 ni sawa pia.

Picha inayofika ukingoni izidishe milimita 3 kila upande, kisu hakikati sawasawa kila mara. Uso wa mtu usiuweke kwenye mkunjo wa katikati. Ukiskani, iwe nukta 300 kwa inchi, kwa ukubwa ule ule wa kitabu.

La mwisho, na mama wa mijusi atakuwa analijua: zambarau kali na bluu inayong'aa ukiziona kwenye kompyuta usizipende sana. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, sisi tunatumia wino wa aina nne, na wino haufiki huko. Dai karatasi moja ya majaribio kabla ya kuruhusu nakala zote.

MamaWaMajabali:

Nalijua kwa uchungu, kaka. Toleo la kwanza mjusi wangu alitoka kahawia tangu ukurasa wa kwanza. Hadithi nzima ikawa haina maana, maana hakuwa na rangi ya kupoteza.

MwalimuNansio:

Nafundisha Ukerewe. Naheshimu alichosema mama lakini kwenye maneno machache napingana naye kidogo. Watoto wangu wengi nyumbani hawana kitabu hata kimoja. Hicho kimoja kinachofika shuleni ndicho wanachojifunzia kusoma. Kikiwa na maneno mawili kila ukurasa wanakimaliza kwa dakika tano, na wazazi wananiuliza mtoto amesoma nini.

MamaWaMajabali:

Mwalimu, umenigusa, na siwezi kukubishia darasa lako. Ukurasa wa maneno mawili ni mmoja tu kwenye kitabu kile. Kabla yake mjusi anajisifu mistari minane, na watoto huighani wakirukaruka, kwa sababu ina mwendo wa kuimbwa. Ninachokifuta ni kile kinachorudia picha. Lakini nitakwenda kulitazama tena hili kwenye kazi niliyonayo sasa mezani, maana nimekata sana.

MwanaNyakato:

Shikamoo mama, na asanteni wote. Jumamosi nimekwenda Igombe alfajiri na daftari, kwa mara ya kwanza bila kamera ya simu. Kwenye hadithi yangu mtoto alikuwa anasimama tu pembeni ya mama. Kumbe watoto wana kazi pale: wanafukuza kunguru na yangeyange wasile dagaa walioanikwa. Mmoja alikuwa na fimbo yenye mfuko wa plastiki ncha yake, anapiga kelele huku anakula muwa. Sasa nimeelewa kwamba usiku wa mbalamwezi kali ukipita, mchana wake yule mtoto anakaa na fimbo yake na hakuna hata ndege mmoja. Nimechora ukurasa huo. Sijaandika neno.

Swali moja lililobaki: dagaa wenyewe. Ni maelfu kwenye mchanga. Nimejaribu kuchora kila mmoja, usiku mzima nimefika robo ya karatasi.

MamaWaMajabali:

Marahaba. Ukurasa huo usiuguse tena, uache hivyo hivyo.

Dagaa mchore mmoja vizuri, karibu kabisa, jicho, mstari wa fedha ubavuni, mkia. Wawili watatu wa jirani yake wape jicho tu. Wengine wote ni mikwaruzo ya brashi kavu, rangi ya kijivu yenye maji kidogo, upande mmoja walivyolazwa. Na acha mahali mchanga uonekane, pale mama alipokanyaga akiwageuza.