Waliokulia Ndia Kuu, Mombasa: tupeane uzoefu wa nyumba zetu za kale

Salamu kwenu, wanajamvi. Ndia Kuu, jina la Kimvita kwa maana ya njia kuu, huanzia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ikapenya ndani ya Mji wa Kale. Naomba kila aliyeishi huko aeleze nyumba yake ilivyojengwa na ilivyotunzwa.

Nianze mimi. Nyumba ya bibi ilikuwa na duka chini na makazi juu, mtindo walioupenda wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Roshani yake ya mbao yenye nakshi ilitokeza juu ya njia, na kutoka humo bibi aliteremsha kikapu kwa kamba, muuza mbaazi akatia mahamri, naye bibi asionekane na wapitao. Uzuri ule wa nakshi ulikuwa pia na kazi yake, nami sijaona dirisha la kioo linaloweza kuufidia.

*Jibu kutoka Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale*

Ahsante, dada yangu. Kwetu kuta ni za matumbawe na chokaa, na dari ni ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Baba alipochoshwa na chokaa iliyopukutika kila baada ya masika, fundi mmoja alimshauri apige plasta ya saruji, na mwaka wa kwanza nyumba ilipendeza kweli. Lakini matumbawe hufyonza unyevu, na chokaa huuachia utoke. Saruji iliuzuia, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza, na tulipovuta kimoja kilimeguka mkononi kama majani ya chai yaliyochujwa. Tuliibandua saruji yote kwa patasi, tukauacha ukuta ukauke kwa miezi, ndipo tukapiga chokaa upya.

*Jibu kutoka kwa mpangaji wa zamani*

Ndugu zangu, sisi roshani yetu iling'olewa mwenye nyumba aliposhindwa na gharama, pakawekwa zege. Niliokota nguzo moja ya msaji, iliyochongwa kwa mkono, na ningali nayo. Mwenye kumjua fundi awezaye kuchonga mfano wake anieleze, kwani mwenye nyumba wa sasa yuko tayari kuirudisha roshani.