Taa ya chujio la mwani kwa tanki la furu: wati ngapi, rangi gani?

Nyegezi_Furu:
Wakuu, naomba mwongozo. Tanki ni la lita 200, ndani ni furu watupu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Chakula ni vidonge, gramu 4 hivi kwa siku. Naitreti (taka itokanayo na chakula na kinyesi cha samaki, ambayo mwani huila) inapanda na mwani umeshika vioo, kwa hiyo nataka uote kwenye chujio badala ya tankini: bomba la PVC lenye mpasuo kwa chini, maji yanateremka juu ya wavu wa plastiki kisha yanarudi. Wavu nimepanga uwe sm 20 kwa 20. Ninazo taa ya ulinzi nyeupe ya wati 50 na utepe wa LED wa kubadilisha rangi. Kipi kinafaa, kikae umbali gani, kiwake muda gani?

FundiTaa:
Mkuu, usianze na lita za tanki, anza na chakula. Kipimo wanachotumia wengi ni sm 80 za mraba za wavu, zilizomulikwa pande zote mbili, kwa kila gramu 3 za vidonge kwa siku. Kwa gramu 4 unahitaji kama sm 107 za mraba. Kata wavu wa sm 10 kwa 12, basi. Huo wa 20 kwa 20 ni zaidi ya mara tatu: mwani utatawanyika mwembamba, wenye njaa, na taa kali itauunguza.

Utepe achana nao. Wekundu wake uko kwenye nm (nanomita, kipimo cha rangi ya mwanga) 620 hadi 630 na nguvu yake ni ndogo. Tafuta LED nyekundu za nm 660 za wati 3, ndiyo rangi ambayo klorofili inaifyonza vizuri. Nyeupe nayo inaotesha, ila hiyo ya wati 50 kwa wavu mdogo ni kuchoma tu.

Weka LED tatu kila upande, zipangwe wima: sm 2, 6 na 10 kutoka ncha ya juu ya wavu, na taa zikae sm 6 mbele ya wavu. Kila moja inakula kama volti 2.3 kwa miliampea 700, yaani wati 1.6. Zote sita ni karibu wati 10, zinatosha. Zibandike kwenye alumini yenye mapezi kwa mafuta ya kupitisha joto. Bila hivyo zinafifia mapema na utadhani mwani ndio umegoma.

Mama Sato:
Naongezea kuhusu maji, maana taa nzuri juu ya wavu mkavu haisaidii. Hesabu lita 50 kwa saa kwa kila sm 1 ya upana; wavu wa sm 10 unataka lita 500 zinazofika juu kabisa, si zile zilizoandikwa kwenye boksi la pampu. Mpasuo uwe mm 3. Wavu ukwaruze kwa msumeno wa chuma pande zote hadi uwe na vinyweleo, la sivyo mwani unateleza wote siku ukikomaa.

Mwanga usifike kwenye mpasuo. Ukifika, mwani unaota humo na maji yanaacha mistari mikavu. Vika bomba kifuniko cheusi kinachoshuka kidogo chini ya mpasuo. Kati ya taa na wavu weka kioo cha mm 3 kuzuia matone, na ukifute kila unapovuna.

Nyegezi_Furu:
Asanteni. Naweza kuwasha taa kwa betri ya sola ya volti 12 ili umeme ukikatika isizime?

FundiTaa:
Fanya kinyume, mkuu: betri ishike pampu. Taa ikiendelea huku maji yamesimama, wavu unakauka na kuungua. Taa ikizima usiku mmoja mwani haufi.

Ukitaka vyote viwe kwenye betri, usiunge LED sita kwa mfululizo, zinataka karibu volti 14. Gawa tatu-tatu (volti 7) na kila upande uwe na draiva yake ya kushusha volti, ya miliampea 700. Usitumie rezista: betri inapanda hadi volti 14 na zaidi jua likiwaka, na mkondo unapanda nayo.

Mama Sato:
Muda: wiki za mwanzo washa saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wavu ukishajaa, saa 1 usiku hadi saa 3 asubuhi. Usiku ndio oksijeni hupungua, mwani wenye mwanga unairudisha. Lakini funika boksi lote la chujio, furu wanahitaji giza.

Usomaji wa wavu: kijani cha nywele ni sawa. Njano yenye mpira-mpira, au katikati peupe huku kingo zina kijani, mwanga umezidi. Sogeza taa hadi sm 9 au punguza saa tatu. Utelezi mweusi au kahawia ni mwanga kidogo kwa chakula kingi. Vuna kila siku 7 hadi 14, ukiacha vishina.

Mbegu ya mwani kwangua kwenye vioo vyako. Usiende kutoa mwani kwenye mawe ya ufukweni mwa ziwa: unaweza kubeba konokono, na kuingiza mikono kwenye maji yale ni kuutafuta kichocho.