Naomba ushauri: kuongeza baiolojia ya nyikani kwenye shahada ya takwimu

Ndugu zangu, salaam. Ninaingia mwaka wa pili wa shahada ya takwimu, na ninatamani nafasi zangu za masomo ya hiari nizitumie kusoma ekolojia na utambuzi wa mimea, kwa sababu utafiti wa nyikani ndiyo kazi ninayoitaka.

Likizo iliyopita niliwasaidia watafiti waliokuwa wakihesabu miti katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Tulizungusha utepe wa kupimia unene kwenye kila shina, mita 1.3 kutoka ardhini, huku mzee mmoja mwenyeji akiutambua mti kwa kukwangua gome na kunusa majani yake. Hesabu niliimudu bila shida, lakini bila mzee yule nisingejua ninahesabu nini, na naamini takwimu za msitu zisizo na utambuzi sahihi hazina thamani.

Mshauri wangu wa masomo anahofia kwamba safari za mafunzo zitagongana na vipindi vya lazima, tena gharama zake sina hakika mkopo utazibeba. Mliopitia njia hii, au mnaofanya kazi TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania), TAFORI (taasisi ya utafiti wa misitu) na kwingineko, naomba mniambie: masomo machache ya hiari yanatosha kumfanya mwanatakwimu akubalike kwenye timu ya utafiti, au ni heri nimalize shahada hii kwanza, kisha ekolojia niisome kwenye shahada ya uzamili? Na kama ni kuchagua, nianze na mimea au ndege?