Ng'ombe wanahema sana joto hili: feni, maji, makuti au sindano?

Chotara_Muheza: Wakuu habari zenu. Niko Muheza, nina ng'ombe wawili chotara wa Friesian, na joto la mwezi wa pili huku mnalijua. Ikifika saa saba mchana wote wanahema mdomo wazi, ulimi nje, udenda unachuruzika mpaka kifuani na maziwa yameshuka. Mmoja anakohoa pia. Jirani ananiambia nichome OTC, ile sindano ya antibiotiki, yaishe, fundi anasema feni, mzee mmoja anasema ning'oe bati niezeke makuti. Hela haitoshi kwa yote, nianze na lipi?

Zizi la Babu: Mkuu anza na kipimajoto, ndo cha bei rahisi kuliko vyote ulivyotaja. Pima njia ya haja kubwa alfajiri kabla jua halijatoka. Ng'ombe mzima anakuwa 38 hadi 39 na pointi kidogo. Anayesumbuliwa na joto tu mchana anaweza kupanda hata 40 ila usiku ukipoa na yeye anapoa, alfajiri unamkuta anacheua. Ukimkuta alfajiri bado yuko 40 na kitu huyo anaumwa, mwekee feni hata tatu hazitamtibu. Na OTC usichome kwa kubahatisha, kama shida ni joto umetupa hela na maziwa huuzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

MamaMaziwa Kilifi: Naongezea hapo kwa Babu. Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba na homa ipo, waza ndigana kali kwanza, ile ya kupe. Hiyo OTC haiitibu ikishamkolea, inataka buparvakwoni na inataka mapema, maana akianza kutoa povu puani mapafu yameshajaa maji na hapo kumwokoa ni kazi kweli kweli.

Dodoma_Kavu: Kuhusu maji na feni inategemea uko wapi. Huku kwetu hewa ni kavu, ukinyunyiza maji yanakauka haraka na ng'ombe anapoa vizuri. Pwani hewa yenyewe imelowa, ukipuliza yale manyunyu membamba ndani ya banda lililozibwa unawapikia mvuke. Bora umwage maji mengi mgongoni mpaka ngozi ilowe halafu upepo umpitie. Sisi adui yetu ni vumbi, pumba nazilowesha kidogo kabla ya kuwapa.

MamaMaziwa Kilifi: Kweli kabisa, na feni ndani ya banda chafu inazungusha tu harufu ya mkojo. Chuchumaa pale ng'ombe anapolala, pua yako iwe usawa wa pua yake, macho yakikuwasha ujue mapafu yake yanaunguzwa na hiyo hewa usiku kucha. Mimi kati ya makuti na bati nachagua makuti bila kufikiria mara mbili, japo inabidi ubadilishe kila baada ya miaka michache na moto ni wa kuogopa. Kama bati lipo usiling'oe, tandika makuti juu yake, bomoa kuta upande upepo wa bahari unakotokea, na maji ya kunywa yawepo muda wote, anayekamuliwa anaweza kumaliza zaidi ya lita 80 kwa siku wakati huu. Majani mengi wape jioni na alfajiri.

Zizi la Babu: Halafu jamani tuache kumnywesha ng'ombe anayehema mafuta au maziwa kwa chupa! Yanaingia mapafuni, unamuua mwenyewe. Na kama wanakohoa wengi kwa pamoja baada ya kuleta mgeni kutoka mnadani, mtenge, usihamishe mnyama yeyote, toa taarifa kwa afisa mifugo, inaweza kuwa homa ya mapafu ile inayoambukiza zizi zima.

Chotara_Muheza: Asanteni sana. Leo alfajiri nimepima, mmoja 38.7, anayekohoa 40.6 na tezi ya bega imevimba kama limau.

MamaMaziwa Kilifi: Huyo si joto ndugu yangu. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje jioni, mwambie namba hiyo na hiyo tezi ili aje na dawa kabisa. Huyo mwingine mfungulie ukuta leo hii, na wote wawili kagua kupe ndani ya masikio.

Chotara_Muheza: Nimeshampigia, yuko njiani.