Kivumbasi: ni dawa, ni tambiko au ni dili la waganga wa mtandaoni? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu heshima kwenu. Naomba tuongelee kivumbasi, ule mmea wa majani yenye harufu kali, bila kutukanana, maana kila ikija hii mada watu wanagawanyika, huku wachungaji wanasema ni ushirikina king'olewe mlangoni, huku waganga wanasema ndo kinga ya nyumba, na kina bibi waliokitumia miaka yote hakuna anayewauliza.

Mimi nimekua nakiona. Kifua kikibana majani yanachemshwa unafunikwa blanketi unajifukiza, tumbo likisokota unapewa kidogo unywe, jioni mbu wakianza yanatupiwa kwenye makaa. Na hiyo ya mbu sio stori za kijiweni, watafiti wamepima hapa Tanzania na Kenya pia wakakuta moshi wake unapunguza mbu wanaoingia ndani. Unapunguza tu lakini, chandarua kibaki palepale. Ile harufu inayofanana na karafuu inatokana na kemikali inaitwa yujenoli, hiyohiyo iliyomo kwenye mafuta ya karafuu ya Pemba.

Haya, upande wa mila watu wanakioga kutoa nuksi, wanakipanda mlangoni, wanafukiza nyumba. Sina shida kabisa. Mtu katoka msibani kaoga maji yananukia kalala usingizi wake, wewe unaumia nini?

Shida yangu ni hivi vipakti vya mtandaoni, kivumbasi cha kusaga bei ya jogoo, eti kinafungua nyota, kinarudisha mume, kinafukuza wachawi. Hapo kwenye wachawi ndo pananikera. Ukimuuzia mtu kinga ya mchawi umeshamwambia mchawi yupo, akirudi nyumbani anaanza kumtafuta, na hamtafuti kijana mwenye misuli, anamuona bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa hayo macho, na mara nyingi ni moshi tu wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, baraza lipo, mganga anatakiwa asajiliwe. Hoja yangu ni kwamba tangazo lolote la dawa linalotaja wachawi lipigwe marufuku, mmea wenyewe waachieni watu.

Wa Muheza:
Mkuu unaongea kama mtu wa mjini. Huwezi kuchukua majani ukaacha maneno yake. Babu yangu alikuwa hachumi bila kuuomba ruhusa mti, na hela hashiki, mgonjwa akishapona ndo analeta kuku. Ukisema wachawi wasitajwe hapo umeua tambiko umebakiza harufu. Hao wa vipakti ni wafanyabiashara, msituchanganye nao.

Wa Bukoba:
Hahaha mnabishana nini, ng'ambo hapo Uganda wanakiita mujaaja wanatia kwenye chai wanakunywa maisha yanaendelea.

Nesi:
Ya wachawi mtajijua wenyewe. Mimi niko wodi ya watoto, naomba tu msimweke mtoto mdogo chini ya blanketi na sufuria inayotokota, inamwagika anaungua, tunawapokea kila mara na inauma sana. Na mtoto akiwa na homa apimwe malaria kwanza, sio mnamfukiza siku tatu halafu mnatuletea kalegea.

Wa Kakamega:
Sisi huku tuliacha hizi kelele kitambo. Kuna ndugu ya kivumbasi tunaita mwonyi, ile iko na harufu ya kafuri, sasa wakulima wa Muliru hapa karibu na msitu wa Kakamega waliipanda kwa mashamba yao, wakaanza kukamua mafuta na kutengeneza balmu inaitwa Naturub, watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wakiwasaidia, na 2010 wakapata Tuzo ya Equator, ile ya Umoja wa Mataifa. Inapakwa kwa mafua na kuumwa na wadudu basi, hakuna mambo ya nyota hapo. Na watu wakipanda kwa shamba si lazima waingie msituni kung'oa.

Wa Muheza:
Safi, ila hapo wazee wanabaki na nini? Kesho mtatuuzia majani yetu dukani.

Mleta mada:
Wa Kakamega hiyo imekaa vizuri, na wanaofaidi ni wakulima wenyewe, sio jamaa mwenye namba ya simu tu. Nesi asante, hiyo ya blanketi tuizingatie. Wa Muheza, babu yako anayelipwa kuku mtu akipona sina ugomvi naye, akiharibu kijiji kizima kinajua pa kumpata, huyu wa kipakti ukimpigia hapatikani. Ila nijibu moja kwa ukweli, mtu akimuuliza babu nani kaniroga, alikuwa anataja jina?

Wa Muheza:
Jina hapana. Alikuwa anataja upande tu, labda aseme upande wa shangazi.

Mleta mada:
Na huyo mgonjwa alikuwa na mashangazi wangapi mkuu?