Vijibwa vinne sebuleni, mama na binti wanararuana mlangoni. Nimtoe mmoja?

Fundi wa Kimara

Wakuu salaam. Naombeni mnisome hadi mwisho kabla hamjaniambia mbwa ni wa nje. Hilo mama yangu mzazi ameshalisema sana, na ni yeye huyohuyo aliyeniletea Kashata akiwa anaenea kiganjani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Kimara. Sebule ndiyo ofisi. Cherehani mbili ziko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na chini ya meza hiyo ndiyo makao ya vijibwa vinne. Si wale mbwa wa getini. Mzito kuliko wote ana kilo sita na nusu; huwa nampima kwenye mzani wa muuza mchele jirani, wateja wake wameshazoea.

Kashata ndiye bibi, miaka 12. Zamani alikuwa mweupe, sasa ana rangi ya chai ya maziwa, na macho yameingia ukungu. Anatembea ubavu ukiwa umegusa ukuta. Bisi ana miaka 6, ndiye mwenye hizo kilo. Kaimati na Karanga ni watoto wa Bisi, uzao mmoja, wana miaka 3. Karanga ndiye dume pekee na nilimhasi mapema. Majike hawajafanywa kitu.

Maisha yenyewe ni haya. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kijana wa mikate anapuliza honi, Karanga anaanza, wenzake wanamfuata, jirani anagonga ukuta. Nawapikia wali wa chenga na dagaa niliowachambua mchanga, siku nyingine maini, au nyama ya kuku niliyoibandua kwenye mfupa. Vitunguu siweki kabisa, nilishaonywa. Kila mmoja ana bakuli lake ila wanakula pamoja jikoni, Bisi akimaliza anasimama nyuma ya Kashata kumhemea. Mchana wanalala. Mteja akiingia wanamkagua viatu. Manyoya ya Kashata yanashika suti nyeusi utadhani nimeikunia nazi, kwa hiyo shingoni nina vitu viwili, futi ya kupimia na gamba la tepu la kuondolea manyoya.

Mwaka juzi Karanga alimeza uzi wa kama mkono mzima. Asubuhi ukaanza kutokea nyuma, nusu uko ndani nusu nje. Mkono wangu ulikuwa tayari kuuvuta. Bahati nilipiga simu kwanza, daktari akanifokea nisiuguse, maana uzi ukiwa umenasa huko juu ukauvuta unaweza kukata utumbo. Tangu siku ile vipande vya uzi vinaingia kwenye kopo lenye kifuniko.

Sasa shida. Kila Jumanne nakwenda Kariakoo kununua zipu, vifungo na bitana. Narudi na mwendokasi kama saa kumi jioni. Nikitia tu ufunguo, wote wanne wamejazana mlangoni. Ugomvi ulianza wakati wa masika: Bisi na Kaimati wanashikana hapohapo kwenye kizingiti, mama na mwanawe, wanararuana hadi damu. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa mwezi. Mwezi huu ni kila Jumanne. Jumanne iliyopita sikio la Bisi lilichanika, nikaingiza mkono, nikang'atwa kidole cha shahada, kile ninachosukumia kitambaa. Siku tatu sijashona. Gauni la sendofu la mtu limechelewa na sina neno la kumwambia, nimwambie nini, kwamba mbwa?

Kuna mteja wa Mbezi anamtaka Kaimati, ana uwanja na watoto wapole. Mpwa wangu wa kidato cha pili amenuna tangu alisikie hilo. Mimi mwenyewe nalala nalo, naamka nalo. Kaimati ndiye mkorofi, anaonekana wazi. Nimtoe?

Mzee wa Goba

Wanne?? Toa watatu, baki na cherehani.

Fundi wa Kimara

Mzee, cherehani hainipokei nikirudi Kariakoo.

Afisa Mifugo Mstaafu

Dada, pole kwa kidole. Kabla ya mbwa tuanze na wewe. Kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa zipo, na hazijapita mwaka? Hata zikiwepo, jeraha la meno linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha unakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, husubiri kesho. Nimefanya kazi hii miaka mingi vijijini, nimeshaona mtu akiamini kwamba mbwa wa ndani hawezi.

Pili, mkono hauingii katikati ya mbwa wanaopigana. Hata mwanao wa kumlea hakutambui dakika ile. Weka kitu kati yao: kifuniko cha ndoo, stuli, beseni. Au warushie kanga nzito kichwani. Mbwa asiyeona huachia. Kuwapiga kunaongeza moto.

Tatu, majike kutotolewa kizazi. Wengi watakwambia watoe kizazi na ugomvi utaisha. Watoe, ndiyo, maana jike asiyetolewa akizeeka yumo hatarini kujaa usaha kwenye kizazi, na nyumba yako haihitaji uzao wa pili. Ila usitegemee upasuaji ufute ugomvi uliokwisha kuwa mazoea. Angalia kwenye kalenda yako kama Jumanne za damu zinaangukia karibu na joto la mmojawapo.

Na la nne, ambalo ndilo ningeanza nalo: unajuaje kwamba Kaimati ndiye anayeanza? Wewe uko nje ya mlango unahangaika na ufunguo. Unachokiona ni katikati ya sinema. Mpwa wako ana simu. Mwambie Jumanne ijayo akae ndani apige video tangu geti linapolia.

Kijana wa Tegeta

Natoka nje ya mada kidogo, samahani. Kupe mnawezaje ndani ya nyumba? Nina wawili tu na nimeshakata tamaa. Nimenunua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe nataka nichanganye.

Afisa Mifugo Mstaafu

Kijana, iweke chini hiyo chupa! Dawa ya josho imepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Kijibwa cha kilo tatu kinajilamba, kinalegea, kinakufa. Nenda kapime uzito wao, upewe ya mbwa kwa kilo zao. Na ujue kupe wa mbwa hataagi mayai juu ya mbwa. Jike akishiba anashuka, anapanda ukutani, anataga maelfu kwenye nyufa. Ndiyo maana unaogesha Jumamosi na Jumatano wamerudi. Ziba nyufa, fua matandiko yao kwa maji ya moto.

Fundi wa Kimara

Kadi zipo, zote za Februari. Kidole nilikiosha lakini hospitali nilikwenda siku ya pili, nilikuwa na gauni mkononi, nakubali kosa. Nilichomwa sindano ya pepopunda na daktari akaandika tarehe za kurudi.

Video nitaifanya.

(Kijana, mimi nyufa niliziba kwa saruji nyeupe, hadi nyuma ya kabati. Ilisaidia kuliko dawa zote.)

Mie wa Nyali

Dadangu, mie nina watano huku Mombasa, wote wa kupakata, na nilipita hapo ulipo. Nikwambie kitu wenye vijibwa hatupendi kuambiwa. Tunawaachia adabu mbovu kwa sababu ni wadogo. Angekuwa jibwa la kilo thelathini likakurukia mlangoni ungelifunza siku ya kwanza. Hiki cha kilo nne kikikurukia, twasema "waniona mamako umerudi!", twakiinua, twakibusu, na wale wengine watatu chini wawaka wivu. Kisha twashangaa.

Mie sasa hivi nikirudi sitii ufunguo mlango wa mbele. Nazunguka, naingia kwa jikoni, mfuko naweka juu, simsemeshi yeyote. Nachemsha chai. Kufikia chai kuiva washachoka kuruka, kila mtu yuko chini. Ndipo naita mmojammoja kwa jina. Mwezi wa kwanza walinichukia. Sasa wakisikia geti wanainua kichwa tu, wanalala tena.

Kisha seremala alinitengenezea vijigeti vya mbao vya kufika gotini, viwili, vya kuziba milango ya vyumba. Nikitoka, wale wasiopatana wanakaa vyumba mbalimbali. Chakula ni hivyohivyo, kila mtu na chumba chake, na bakuli naliondoa wakimaliza. Huyo Bisi anayemhemea nyanyake mgongoni wakati wa kula, hiyo si tabia njema dadangu. Hiyo ni vita inayongoja siku.

Msomaji wa Ilala

Dada, samahani kwa swali, si la ubaya. Mimi ni Muislamu na nashonesha kwa mafundi wa nyumbani. Nguo za wateja kama sisi unazilindaje na mate ya mbwa?

Fundi wa Kimara

Swali zuri wala usiombe samahani. Nusu ya wateja wangu ni Waislamu. Chumba cha pili ni cha vitambaa, mbwa hawakanyagi, mlango unajifunga wenyewe kwa springi. Kanzu na mabaibui nakata huko na nashona huko, cherehani ya tatu ya mkono iko humo. Hiyo sheria ilikuja kwa gharama. Siku za kuelekea Idi, mwaka ambao Karanga alikuwa mtoto, alilamba kitambaa cha kanzu cha mzee mmoja. Ningeweza kunyamaza. Nilimpigia, nikamwambia, akaniuliza ni sehemu gani, ni mate au pua tu. Akanieleza kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nikaona kitambaa chenyewe ni cheupe cha kung'aa, udongo utakifanyaje, nikakimbia Kariakoo nikanunua mita zilezile. Yule mzee bado ananiletea kanzu, na kila akija anasimama barazani anauliza, "Yule mlambaji yuko wapi?"

Fundi wa Kimara (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi. Video ipo. Nimeiangalia labda mara ishirini na bado naona aibu.

Geti linalia. Karanga anatangulia, Kaimati wa pili, Bisi wa tatu. Kashata anakuja wa mwisho akifuata ukuta, ukuta unamfikisha kwenye kona ya mlango, na pale kwenye kona ndipo wenzake wanapombana. Haoni ni nani anayemkanyaga. Anageuka, anamng'ata Kaimati paja la nyuma. Bibi! Kaimati anashtuka, hageuki kwa Kashata, anamvaa aliye karibu na mdomo wake, na huyo ni mama yake. Bisi naye hakubali. Mlango unafunguka, mimi naona Kaimati yuko juu ya Bisi. Miezi yote hiyo nimekuwa nikimfokea Kaimati na nilikuwa nimeshamwambia mtu wa Mbezi aje Jumapili.

Nilimpeleka Kashata kliniki kwa sababu ya hiyo hasira, maana hakuwa mng'ataji maishani mwake. Daktari alimfungua mdomo, akaniita nije nione mwenyewe. Meno matano ya nyuma yalikuwa yanalegea, fizi zimevimba. Alisema vijibwa vya namna hii meno hubanana mdomoni, uchafu unakaa, na havilii, vinabadilika tabia tu. Kumbe ndiyo maana dagaa wakavu alikuwa anawabakisha, mimi nikidhani anadeka. Walimpima damu kwanza kwa ajili ya umri, wakamtoa yote matano. Siku mbili alilala kwenye kapu la vitambaa. Sasa anakula dagaa niliowasaga na uji wa mchele, na bakuli linabaki safi.

Bisi na Kaimati wametolewa kizazi wiki moja mmoja, wiki nyingine mwenzake. Sikuweza kuuguza wawili pamoja na oda za harusi.

Mie wa Nyali, asante dada. Sina mlango wa jikoni wa kuingilia, nyumba yangu ni ya mlango mmoja, kwa hiyo nimefanya la kwako kinyume. Mpwa wangu anamfungia Kashata chumbani kwangu saa tisa na nusu kila Jumanne, na kijigeti cha mbao kimewekwa hatua tatu kutoka mlangoni, watatu wanabaki nyuma yake. Naingia, natua mfuko, nakaa kwenye stuli kimya kama mgeni. Jumanne mbili hakuna damu. Jumanne ya jana muuza samaki alipita wakati uleule, wakaruka kijigeti (sikujua Karanga anaweza), Kaimati na Bisi wakanguruma, nikadondosha kifuniko cha ndoo katikati yao, wakaachana. Mkono ulikaa mfukoni.

Mtu wa Mbezi nilimwambia ukweli. Alicheka, akasema basi nimshonee mkewe gauni.

Afisa Mifugo Mstaafu

Vizuri sana. Kijigeti kiongeze shubiri moja. Na kidole?

Fundi wa Kimara

Kinasukuma kitambaa. Kikipata baridi kinauma kidogo.

Mzee wa Goba

Na gauni la sendofu?

Fundi wa Kimara

Lilifika saa mbili kabla ya shughuli, Mzee. Na unyoya mmoja wa Kashata kwenye pindo, nimeuona kwenye picha.